UZI: Kuchoma diski ya kuwashia kompyuta kutoka faili la ISO (tulivyozifufua mashine 11 za skuli, Wete)

KarafuuWete (mwanzisha uzi)

Asalaam alaykum.

Uzi huu ni wa wale wanaopakua mfumo wa kompyuta, wakauchoma kwenye dividii, wakaitia kwenye mashine, na mashine ikaipita kama haijaiona. Mwaka huu nimepigiwa simu na watu watano wa Wete na Konde wenye tatizo hilo, na wanne kati yao kosa lao lilikuwa moja. Bora niandike mara moja, kwa urefu, kila mtu asome.

Kisa chenyewe. Skuli ninayosaidia jioni ina chumba cha kompyuta chenye mashine 11 za mezani. Zililetwa kwa msaada, zikatumika, zikaingia virusi, zikaanza kuganda, mwisho zikafunikwa kanga na chumba kikatiwa kufuli. Watoto wa kidato cha tatu wakawa wanasoma kompyuta kwa kuchorewa kibodi ubaoni. Hilo liliniuma sana. Mtoto anakuchorea kitufe cha Enter mahali pake hasa, na hajawahi kukibonyeza.

Nikaomba ufunguo. Tisa nilizikuta ni Core 2 Duo zenye ramu ya GB 2, mbili ni Pentium 4 zenye GB 1. Zote zina Windows XP, ambayo Microsoft waliacha kuihudumia Aprili 2014. Nikaamua nizitie Linux nyepesi, mfumo wa bure wa kuendeshea kompyuta badala ya Windows. Nikaanza na flashi kama kila mtu. Tano zilikubali. Sita hazikuitambua kabisa, BIOS zao (programu ya ndani inayoiwasha mashine) ni za zamani na hazina hata chaguo la kuwaka kwa flashi. Lakini zote sita zina draivu nzima ya dividii. Ndipo nikaingia kwenye kazi ya kuchoma diski, na nikaharibu diski sita kabla ya kupata ya saba iliyowaka. Diski Wete hazipatikani ovyo siku hizi, nilimwagizia mtu aniletee kutoka Darajani, Unguja, kwa boti, kwa hiyo kila moja iliyoharibika niliihisi.

Sasa nifafanue.

Faili la ISO si la kunakili. Ni diski nzima iliyowekwa ndani ya faili moja, pamoja na mpangilio wake kuanzia kipande cha mwanzo hadi cha mwisho. Ukilichukua ukalitupia kwenye dividii kama unavyotupia nyimbo, utapata dividii yenye faili ndani yake, basi. Ni sawa na mtu akuletee boriti, makuti na udongo juu ya gari ya ng'ombe, akwambie nyumba yako hiyo, ingia ulale.

Jina lenyewe limetoka kwenye kiwango cha ISO 9660 cha mwaka 1988, kinachoeleza data ipangwe vipi kwenye sidii. Diski inagawiwa vipande vya baiti 2,048. Vipande 16 vya mwanzo huachwa wazi kwa matumizi ya mfumo. Ukihesabu kuanzia sifuri, kipande cha 16 kina maelezo ya diski, na cha 17 ndicho roho ya jambo letu. Mwaka 1995 Phoenix na IBM walitoa utaratibu unaoitwa El Torito: kwenye kipande hicho cha 17 panaandikwa kwamba diski hii inawasha kompyuta, na orodha ya programu za kuwashia iko pahala fulani. BIOS haitafuti faili lenye jina zuri. Inakwenda kipande cha 17 moja kwa moja, na isipokuta kitu inaiacha diski na kwenda kwenye diski kuu ya mashine. Ndiyo maana unaona Windows yako ya zamani inafunguka kama kawaida ukadhani draivu ni mbovu.

Kujua kama umekosea ni rahisi. Ifungue dividii uliyoichoma. Ukiona faili moja tu linaloishia na .iso, umechoma kimakosa. Ukiona mafolda mengi, mfano boot au isolinux, umechoma sawa.

Kwenye Windows 7 na zilizofuata huhitaji programu ya ziada. Bonyeza faili kwa kitufe cha kulia cha mausi, chagua "Burn disc image", na utie alama kwenye kisanduku cha kuhakiki diski baada ya kuchoma. Usikiache hicho kisanduku. Kwenye Linux kuna K3b, Brasero na Xfburn; zote zina chaguo la kuchoma nakala ya diski, tofauti na chaguo la kuchoma data. Hapo kwenye chaguo ndipo watu wanne kati ya wale watano walipoteleza.

Mimi sikuteleza hapo. Diski zangu zilikuwa na mafolda yote, na mashine zilianza kuwaka vizuri, jina la mfumo likatokea, kisha ikawa kuganda, kila mara pahala tofauti. Nikabadilisha draivu, nikabadilisha ramu, nikalaumu diski. Kumbe faili lenyewe ndilo lililokuwa bovu. Nililipakua usiku kwa bando la simu, mtandao ukakatika mara mbili tatu, na kivinjari mwisho kikasema tayari. Kwa macho halikuwa na kasoro. Ndani lilikuwa limeharibika, na mimi nikaendelea kuchoma faili hilo hilo bovu kwenye diski nzima moja baada ya moja.

Kwa hiyo, ndugu zangu, kabla hamjagusa diski, lihakikini faili. Kila mradi wa maana wa Linux unatoa pamoja na ISO alama ndefu ya SHA256, yenye herufi na tarakimu 64. Kompyuta yako inaweza kulisoma faili lako na kutoa alama yake. Zikilingana zote 64, faili ni zima. Ikibadilika hata biti moja katika faili la GB 3, alama yote inakuwa nyingine kabisa. Hakuna "karibu sawa".

Kwenye Linux andika:

sha256sum faili.iso

Kazi hii ni ya dakika moja au mbili. Mimi ilinigharimu diski sita kwa sababu sikuifanya.

Mengine nitaongeza nikipata nafasi. Ulizeni.

BintiMkoani

Waalaykum salaam kaka. Ahsante kwa maelezo. Mimi nna ISO ya Linux Mint nimeipakua kwenye kompyuta ya kazini, ya Windows. Hiyo amri ya sha256sum inakataa. Nifanyeje?

KarafuuWete

Dada, Windows ina yake. Fungua ile dirisha nyeusi ya amri (Command Prompt), nenda kwenye folda lenye faili, uandike:

certutil -hashfile faili.iso SHA256

Badala ya faili.iso weka jina la faili lako kama lilivyo. Itakaa kimya kidogo, usiifunge. Kisha linganisha na alama iliyoko kwenye tovuti yao rasmi, si pale mtu aliposambaza faili.

Jahazi_Malindi

Yakhe KarafuuWete, kazi nzuri, lakini nikwambie ukweli: dividii zimekwisha zama zake. Laptopu mpya hazina hata draivu. Mfundishe mtu Rufus au Ventoy, programu za kutia ISO kwenye flashi, flashi moja inamtosha miaka. Diski ukichoma umechoma, flashi unafuta unaandika upya.

KarafuuWete

Yakhe, sipingani na wewe, na mashine zile tano nilizipiga kwa flashi. Mashine ikikubali flashi, tumia flashi. Rufus kwa mtu wa Windows ni rahisi. Ventoy ni nzuri zaidi kwa fundi, kwa sababu unaweka ISO nyingi kwenye flashi moja, na hapo unazinakili kama faili za kawaida. Na huko pia faili bovu ni faili bovu, alama ya SHA256 haisameheki.

Kwa wanaotumia dd, amri ya kuandika ISO kwenye flashi, kwenye Linux nawaomba kitu kimoja: andika lsblk kwanza uzione diski zote kwa ukubwa wake. dd haiulizi. Ukikosea herufi moja ukaandika sda pahala pa sdb, umefuta diski ya kompyuta yako na kila kilichomo.

Lakini mashine zisizoijua flashi bado zipo, tena nyingi, maskulini, madrasa, maofisi ya shehia. Aliyenayo hiyo hawezi kusubiri apate mpya. Huu uzi ni wake.

MzeeMlandege

Wanangu, salaam. Nimefanya kazi ya kuchoma sidii tangu watu wanapanga foleni kwa kaseti za taarab kuhamishiwa kwenye sidii. Niongeze ninayoyajua kwa mikono.

Kwanza spidi. Mtu ana diski imeandikwa 16x, anaichoma kwa 16x kwa sababu ana haraka. Usifanye. Kwa diski ya kuwashia kompyuta, tena itakayosomwa na draivu iliyochoka, choma kwa 4x. Dividii iliyojaa kwa 4x ni kama robo saa. Kaa unywe kahawa. Draivu nyingine hazishuki hadi 4x, basi chagua ndogo kabisa inayokupa.

Pili, msitumie diski za kufutika, zile zilizoandikwa RW, kwa mashine kuukuu. Uso wake unaakisi mwanga kidogo kuliko wa diski ya kuandikwa mara moja, na lenzi iliyochoka inashindwa kuzisoma. Wengi wanalaumu mfumo kumbe ni hilo.

Tatu, hali yetu ya hewa. Chumvi ya bahari na unyevu havipendani na lenzi. Draivu ikikataa diski nzima, ifungue, chukua pamba ya sikio yenye spiriti safi kidogo, ipitishe kwenye kile kijilenzi taratibu bila kukandamiza, uiache ikauke. Nimeokoa draivu nyingi hivyo. Na diski msiziache dashibodini mwa gari wala dirishani. Rangi inayohifadhi data kwenye hizi za kuchoma inaharibiwa na jua.

Nne, umeme. Ukikatika katikati ya kuchoma, diski hiyo haina kazi tena. Chomea kwenye laptopu yenye betri nzima, au weka UPS. Ninyi wa Pemba wa leo hamkuwahi kuchomea diski kwa umeme wa majenereta, kabla ya waya wa baharini kuja kutoka Tanga mwaka 2010. Sisi tuliokuja huko kufanya kazi tunajua.

KarafuuWete

Ahsante sana mzee wangu, Mungu akupe umri. Hilo la spidi nalithibitisha: ile ya saba iliyowaka niliichoma kwa 4x, na Pentium 4 zile mbili zikaisoma. Na hilo la lenzi nilikuwa silijui, kuna draivu moja nilishaitupa kando, kesho naenda kuifungua.

MwalimuMicheweni

Mimi nataka kuchoma Windows 10 kwa ajili ya kompyuta za walimu. ISO ni GB 5 na kitu. Dividii inasema nafasi haitoshi. Halafu nikajaribu nyengine ya GB 4.5, diski imeandikwa 4.7, nayo imekataa! Hapa nimechoka.

KarafuuWete

Maalim, pole. Diski haikukudanganya, ila wenye viwanda wanahesabu kwa elfu na kompyuta inahesabu kwa 1,024. Ile GB 4.7 ya kwenye ganda ni kama 4.37 kwenye kioo cha Windows. Faili linalosomeka 4.5 haliingii. Sidii ya kawaida ni MB 700. Kwa faili la GB 5 unahitaji dividii ya tabaka mbili, yenye GB 8.5, na uhakikishe draivu inayochoma inaiweza. Hizo ni adimu huku kwetu.

Kwa Windows flashi ndiyo njia. Ila nako kuna kizingiti: flashi iliyofomatiwa FAT32 haipokei faili moja lenye ukubwa wa GB 4 au zaidi, na lile faili la install.wim ndani ya Windows mara nyingi linapita hapo. Rufus inalimaliza tatizo hilo yenyewe, iachie ikuchagulie.

Na nikushauri, maalim, japo hukuniuliza. Microsoft walimaliza kuihudumia Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025. Windows 11 nayo inataka TPM 2.0 (kifaa cha usalama ndani ya mashine) na ramu isiyopungua GB 4. Kama kompyuta za walimu ni za umri wa hizi zetu, hazitakubali. Waulize walimu wanafanyia nini. Kama ni kuandika mitihani, kujaza alama na kuchapisha, LibreOffice, programu ya bure ya kazi za ofisi, juu ya Linux inatosha. Na wanaodhani Kiswahili hakina nafasi kwenye programu hizi wajue kwamba mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilishatoa Jambo OpenOffice, ofisi nzima ya kompyuta kwa Kiswahili.

MwalimuMicheweni

Nimekufahamu. Ni mitihani na alama tu. Wewe zile za skuli uliziweka Linux gani?

KarafuuWete

Pentium 4 zile mbili ni za 32 biti, na hapo uwanja umekuwa mdogo. Katika aina za Linux, Ubuntu waliacha ISO za 32 biti zamani, na Debian 13 iliyotoka Agosti 2025 haina tena kisakinishi chake. Nilitumia antiX 23, ina toleo la 32 biti, inaingia kwenye dividii na nafasi inabaki, na inakwenda vizuri kwa ramu ya GB 1. Core 2 Duo zinakubali 64 biti, hizo nilizipa MX Linux yenye Xfce, muonekano mwepesi wa skrini. Kivinjari chenye kurasa kumi hakitakimbia, siwezi kukudanganya, lakini kuandika, kuhesabu na kujifunza kibodi, zinafanya.

Jambo jengine lililonipotezea siku mbili. Mashine nne zilikuwa zinasahau mpangilio. Nikiziambia ziwake kwa dividii kwanza, nikizima na kuchomoa umeme, kesho zimerudi zilikotoka, na saa inasoma mwaka wa zamani. Ni betri ya bodi, ile ya duara kama sarafu, CR2032. Imekufa. Na saa ikiwa imekosea miaka, tovuti salama zinakataa kufunguka na mfumo unakataa kupakua programu, ukadhani mtandao mbovu. Nilibadilisha betri, yakaisha yote kwa pamoja.

Au ukitaka usiguse mpangilio kabisa, tumia menyu ya kuwashia ya mara moja: kwenye Dell na Lenovo nyingi ni F12, kwenye HP ni F9 au Esc kwanza. Bonyeza mapema, kabla alama ya Windows haijatoka.

BintiMkoani

Kaka nimerudi. Nimepiga certutil. Alama hazilingani. 😔 Zangu zinaanza 7b, zao zinaanza na nyengine kabisa. Ina maana nipakue GB 3 zote upya? Bando langu halitoshi, na kompyuta ya kazini siruhusiwi kila siku.

KarafuuWete

Usilifute hilo faili! Subiri.

Nenda kwenye tovuti ya Mint, mbali na ISO wanatoa faili dogo la torenti la toleo lile lile. Pakua hilo, ni kilobaiti tu. Weka programu ya torenti, qBittorrent mfano, ufungue lile faili dogo, na pahala pa kuhifadhi uchague folda lile lile lenye ISO yako mbovu, jina liwe lile lile. Kisha iambie ikague upya. Torenti inaligawa faili vipande vidogo, kila kimoja na alama yake. Itaviona vizima, itaviacha, na itapakua vile vilivyoharibika pekee. Mara nyingi unakuta ni megabaiti chache katika GB 3.

Kompyuta ya kazini muombe ruhusa mkubwa wako kwanza, maofisi mengine hayataki torenti.

Jahazi_Malindi

Hili la torenti kurekebisha ISO mbovu nilikuwa silijui, wallahi. Miaka yote nafuta napakua upya.

BintiMkoani

Ameniruhusu. Imekagua, ikasema asilimia 99.6 nzima. Imepakua kama MB 12. Nimepiga certutil tena: ZIMELINGANA. Nimezisoma herufi moja moja mara mbili.

Nimechoma kwa 4x kama alivyosema mzee, nikatia na alama ya kuhakiki. Jioni najaribu kwenye laptopu ya nyumbani.

Niseme kwa nini nang'ang'ania diski. Laptopu ni ya marehemu baba. Windows yake haifunguki tangu mwaka jana, inazunguka tu. Tundu la USB limebaki moja linalofanya kazi. Fundi mmoja alitaka kuipiga Windows upya, nikamwuliza mafaili yatabaki, hakunijibu vizuri, nikaichukua nikaondoka nayo. Ndani mna picha zote za harusi ya dada yangu na za baba akiwa shamba.

KarafuuWete

Dada, Mungu amrehemu baba. Ulifanya vyema kuichukua.

Basi sikiliza. Diski ikiwaka, utafika kwenye Mint inayofanya kazi kutoka kwenye dividii, bila kugusa diski ya laptopu. Pale mezani (skrini ya mwanzo, desktop) pataonekana kitufe cha kusakinisha. USIKIBONYEZE leo. Fungua meneja wa mafaili, upande wa kushoto utaiona diski ya Windows, ibonyeze. Ikikwambia imefunguka kwa kusoma tu, ni sawa, kusoma ndiko unakokutaka. Ingia Users, kisha jina la baba, kisha Pictures. Tundu lako moja la USB litumie kwa diski ya nje au flashi kubwa, unakili kila kitu huko. Itakuwa polepole. Usiichomoe chaja.

Ukimaliza, fungua picha kadhaa kutoka kwenye flashi uzione kwa macho kabla ya kuzima.

MzeeMlandege

Na ikiwa diski ya laptopu inatoa mlio wa kugonga, mwanangu, zima mara moja uje utuambie. Hapo ni jambo jengine.

BintiMkoani

Haina mlio mzee, ahsante. Imewaka! Imechukua kama dakika nne hadi meza ikatokea, nilikuwa nimeshaanza kukata tamaa. Saa inasema 2009, nadhani ni ile betri aliyosema kaka.

Folda la baba lipo. Mama amekuja kukaa pembeni yangu na kiti chake. Nimenakili picha 214 kati ya 1,380.